Mtoto Waliyemwita Taya

Nilimshika nesi mkono. Sikumgusa begani kwa adabu, wala sikusema "samahani, Sista." Nilimkamata kifundo cha mkono kwa nguvu zangu zote, mkono uleule ulioshika bomba la sindano, nikaubana. Ncha ilikuwa imeshagusa ngozi. Mtoto aliyekaa kitini mbele yake, mkono umefungwa mpira na mshipa umetuna, alinitazama akatabasamu.

"Mama, ona," akasema. "Silii."

Hakuwa na sababu ya kulia kwa kuwa hakuwa na sababu ya kudungwa. Huyo alikuwa Kulwa, mwanangu mzima. Mgonjwa ni Doto, pacha wake, ambaye dakika hiyo alikuwa nyuma yangu mlangoni anapandisha kaptula, maana nilikuwa nimempeleka kukojoa.

"Huyu ni nani?" nikamwuliza nesi.

"Si Taya huyu?"

"Nimekuuliza, huyu ni nani?"

"Mama, usinipandishie sauti. Hapa ni hospitali."

"Mwambie afungue kinywa."

Kulwa, ambaye ni mtiifu siku anazotaka mwenyewe, akaachama kabla hajaambiwa. Meno yote yamo, yamejipanga kama punje za hindi changa. Nesi akayatazama. Yule aliyemwita Taya hakuwa na meno upande mzima wa kulia, na hilo alilijua vizuri. Akalitazama bomba alilolishika. Kisha akaliweka mezani.

Hapo ndipo Doto alipopiga ukelele uliosikika mpaka jikoni.

"Mama! Kulwa anachukua sindano yangu!"

Mtoto ambaye kila safari tulimshika watu wawili, na bado akatupiga mateke, leo anaililia sindano. Ningekuwa na moyo wa kucheka ningecheka. Badala yake nilifungua mdomo, na yaliyotoka siku ile siwezi kuyaandika yote humu.

Sasa naandika Doto akiwa hapo nje anagombana na mwenzake juu ya gari la waya. Mabaya yamepita. Naandika kwa ajili yako wewe mama uliyekaa kwenye benchi umempakata mtoto mwenye uvimbe, hujui kama uulize au unyamaze. Mambo ya dawa na majina yake siyajui, na sitajifanya nayajua. Mimi nitakuambia ya benchi, ya ndoo ya matapishi, ya mama mkwe, na ya mdomo wangu huu ambao marehemu baba alisema utanitoa kwenye ndoa. Bado nimo kwenye ndoa.

Mimi ni mtoto wa mjini Shinyanga. Babu yangu alifika na biashara kutoka pwani, akaoa huku, akasahau kurudi. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Nikaolewa na Masunga, Msukuma wa Kagongwa, ambaye alisilimu kwa ajili yangu, au ndivyo anavyosema yeye. Wakati huo alikuwa anachimba dhahabu na wenzake huko porini upande wa Bugarama, anaingia kwenye duara, maana ndivyo wanavyoliita shimo lao, anatoka mwekundu kama tofali. Mimi nilikaa Kagongwa na mama yake na pacha wetu. Ilikuwa ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni, na ukiipata huulizi ni ya kufulia au ya kuogea.

Doto alianza kwa kukataa michembe. Usiseme ni jambo dogo. Viazi vile vikavu Doto aliviiba hata havijaiva, anavitia mfukoni vinamuunguza paja. Siku hiyo akatafuna, akatema, akasema jino linacheza. Nikampeleka zahanati. Mganga akaling'oa. Baada ya muda jino la pili likalegea, naye akaling'oa. Shavu likaanza kujaa. Majirani wakasema matubwitubwi. Mama mkwe akampaka masizi ya chungu, nami nikakubali, kwa sababu utotoni mimi mwenyewe nilipakwa nikapona.

Shavu halikupona. Lilizidi kukua mpaka likasukuma jicho, na meno yote ya kulia yakang'oka. Doto akawa analala ubavu mmoja tu, na Kulwa akahamia upande ule ili watazamane.

Masunga akaitwa kutoka porini. Alimtazama mtoto. Alivua kofia, akaivaa tena, akaivua. Kaka zake ndio waliosema. Walikaa uani wakaniambia mimi, tena mbele ya mume wangu, kwamba mapacha hawa hawakufanyiwa mambo ya mapacha walipozaliwa, kwa sababu walizaliwa na mwanamke wa mjini anayeona mila ni ushenzi.

"Shemeji," nikasema, "kama ni mambo ya mapacha, mbona Kulwa ni mzima? Mizimu ina upendeleo?"

"Unaona?" kaka mkubwa akamwambia Masunga. "Unaona mdomo huo?"

Tuligombana nyumba nzima. Mwisho mama mkwe akatoa uamuzi ambao mpaka leo namheshimu kwa ajili yake. Alisema mambo yatafanywa asubuhi na treni itapandwa mchana. Ikawa hivyo. Mbuzi akachinjwa, ngoma ikapigwa, nikapakwa unga usoni nikiwa nimenuna, na unga ukiwa bado masikioni nikaenda Isaka kupanda treni, Doto mgongoni. Nani aliyemponya, ngoma au dawa, wabishane wao. Mimi nilifanya vyote viwili.

Hospitali ile kubwa sitaitaja jina. Aliyefika anaijua. Walimkata Doto kinyama kidogo ndani ya mdomo wakakipeleka kupimwa, tukangojea. Kungojea ni kazi, wala mtu asikudanganye kwamba umekaa bure. Unajua kila ufa wa ukuta. Unajua mlango upi ukilia maana yake daktari anatoka, na upi ni wa mfagiaji. Siku daktari aliponiita peke yangu alisema neno kansa, nami nikamwambia amekosea mtu, kansa ni ya wazee. Akasema hii ni ya watoto, na inakua haraka, lakini ina jambo moja zuri: inasikia dawa. Nikashika neno hilo moja. Inasikia. Kama mtoto mkorofi ambaye bado anasikia.

Sindano ya kwanza aliipata watu wakipanda pamba. Alitapika mpaka ndoo ikanichosha mikono, akatapika na yasiyokuwepo. Nikajuta. Nilikuwa nimeshaanza kufunga khanga kiunoni nimchukue turudi nyumbani, afe kwa bibi yake kwa utulivu. Lakini siku chache baadaye, nikimfuta uso kwa kitambaa, mkono wangu ukapita mahali ambapo ulizoea kugonga uvimbe, na haukugonga kitu. Uvimbe ulikuwa unayeyuka. Sikuamini, nikamwita mama wa kitanda cha jirani aje ashike. Akashika, akapiga kigelegele wodini, tukafokewa wote wawili.

Mama huyo alitoka Geita, nami nitamwita Mama Restituta kwa sababu mwanawe aliitwa Restituta. Binti yake alikuwa na ugonjwa kama wa Doto, ila wake ulikaa tumboni. Restituta alikuwa na amri kama mwenyekiti wa kijiji. "Doto, kaa. Doto, meza. Doto, usilie, unaniumiza kichwa." Na Doto akawa anamsikia kuliko anavyonisikia mimi.

Baada ya hapo tuliruhusiwa kwenda nyumbani na kurudi kila sindano ilipofika. Ndipo tukahamia kwenye benchi. Lilikuwa benchi refu nje ya chumba cha sindano, na nesi alitokea mlangoni akaita. Hakuita majina. Aliita ugonjwa.

"Taya!"

Mimi nikasimama na Doto.

"Tumbo!"

Mama Restituta akasimama.

Alikuwepo Shingo, mtoto wa Kahama. Alikuwepo Jicho. Sisi akina mama tuliitwa Mama Taya, Mama Tumbo. Mwanzoni nilifikiri sijasikia vizuri. Nikamwambia kwa upole, maana mwanzoni nilikuwa mpole, "Sista, anaitwa Doto." Akajibu, "Mama, wagonjwa ni wengi, nitashika majina ya nani niache ya nani?" Sikumchukia. Alikuwa peke yake, miguu imemvimba, na mikono yake kwa kweli ilikuwa myepesi. Alipata mshipa mara moja wakati wengine walichoma mara tatu. Hilo nalisema kwa haki.

Mama Restituta aliligeuza kuwa mzaha. "Mwenzangu, hapa tuko buchani," akaninong'oneza. "Taya, Tumbo, Shingo. Bado maini na kwato, wapo njiani." Nilicheka mpaka nikafunika uso kwa khanga. Ulikuwa mzaha wa kuokoa siku, na uliniokoa nyingi. Lakini nilikuwa namwona Doto. Siku moja nyumbani, mgeni akamwuliza, "Unaitwa nani, baba?" Akajibu, "Taya." Bibi yake akaacha kupepeta.

Baada ya sindano kulikuwa na biskuti. Nani alizileta sijui. Zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga dirishani, na kila mtoto aliyedungwa alipewa moja. Miaka ile biskuti ilikuwa hadithi. Doto alikuwa anakula nusu na kumletea Kulwa nusu Kagongwa, imefungwa kwenye kona ya leso, imeshakuwa unga. Kulwa alilamba unga ule akaanza kuniuliza, "Mama, na mimi nitaumwa lini?"

Palizi ilipofika nywele za Doto zikaanza kutoka. Zilibaki kwenye mto, kwenye kifua changu, kwenye uji. Daktari alikuwa ameniambia zitatoka na zitarudi, kwa hiyo sikulia sana, nililia kidogo. Nilishuka Isaka na mtoto mwenye kichwa kama yai, nikamfunika kitambaa. Kwetu kichwa kilichonyolewa kina maana, watu hunyolewa wakiwa wamefiwa, na njiani kila mwanamke niliyekutana naye alipunguza mwendo akaniuliza kwa sauti ya msiba, "Pole mama, nani tena?"

"Hakuna aliyekufa," nikawajibu mmoja mmoja. "Na hafi mtu."

Kufika nyumbani nikamkuta mama mkwe uani na wembe, Kulwa amekaa katikati ya magoti yake. Nusu ya kichwa ilikuwa imeshaisha. Nafikiri jirani mmoja alinitangulia kwa baiskeli na habari. Nikasahau heshima.

"Mama! Unafanya nini?"

"Wewe huoni?"

"Kulwa haumwi! Unamnyolea nini mtoto mzima?"

Hakuinua kichwa. Wembe ukaendelea, kwaru, kwaru. "Hawa walikuja pamoja," akasema. "Wakila wanakula sawa. Wakivaa wanavaa sawa. Sasa mmoja atembee na upara peke yake, wenzake wamcheke? Nani kakuambia mapacha hufanywa hivyo? Njoo Doto. Njoo umwone mwenzio."

Doto akateremka mgongoni. Akamzunguka Kulwa, akampapasa kichwa, akajipapasa chake. Kisha wakaanza kucheka, wakagonganisha vichwa kama mbuzi, wakacheka mpaka Doto akatapika. Mimi nilisimama pale na hasira yangu na mizigo yangu, sijui niviweke wapi. Mama mkwe akaniambia, "Keti mayu, keti mama, uji upo."

Tangu siku hiyo kila vinywele vya Kulwa vilipochomoza bibi alivifyeka. Mashati yao yalishonwa kitambaa kimoja kama kawaida. Uvimbe wa Doto ulikuwa umekwisha. Kovu lake liko ndani ya mdomo. Akifumba mdomo ni Kulwa. Kulwa akinuna ni Doto.

Na tukaanza kusafiri watatu. Doto alipoondoka, Kulwa aligoma kula. Alikwenda kukaa njia panda anaangalia upande wa Isaka, jua linamwakia upara. Bibi yake akasema, "Wachukue wote. Utarudi na mmoja mzima umkute mwingine ameshakuwa mgonjwa." Masunga aliporudi alilalamika kuhusu safari hizo, nikamwambia basi abaki yeye na Kulwa njia panda. Akabaki siku moja. Safari iliyofuata akatusindikiza mwenyewe mpaka stesheni, Kulwa mabegani.

Wakati wa kuvuna pamba tulifika benchini nikaona nafasi. Mama Restituta na mimi tulikuwa na desturi, anayewahi anamwekea mwenzake nafasi kwa khanga. Nikaweka khanga. Watu wakaja, nikawafukuza, nikisema hapa pana mtu. Nesi akatokea.

"Tumbo!"

Hakuna aliyesimama.

"Tumbo hayupo? Tumbo!"

Mama Shingo akainama kwangu akaniambia kwamba Restituta alirudishwa wodini baada ya safari yetu ya mwisho, na kwamba amezikwa kwao Geita. Nikaikunja khanga. Nesi akasema, "Haya, Taya," nami nikasimama, kwa sababu zamu ilikuwa yetu na dawa haingoji. Doto akaniuliza, "Resti yuko wapi?" Nikamwambia amekwenda kwao. Akasema, "Hakuniaga," akaudhika, akakataa biskuti. Kulwa akaila.

Safari iliyofuata ndiyo ile niliyoanza nayo.

Daktari alikuwa ameniambia dawa ile ikikaa ndani inachubua kibofu, kwa hiyo Doto anywe maji mengi tangu asubuhi na akojoe kila mara. Nilikuwa namnywesha kama ndama. Tukiwa benchini akabanwa. Nikamwambia Kulwa, "Kaa hapa, shika kikapu, usiondoke." Nikamkimbiza Doto nyuma ya jengo. Nesi akatokea, akaita, "Taya!" Akaona kwenye nafasi ya Taya mtoto mwenye upara wa Taya na shati la Taya. Na Kulwa, ambaye alikuwa amengojea siku hiyo tangu unga wa kwanza wa biskuti, akaitika, "Naam!" akaingia, akapanda kitini, akanyoosha mkono.

Nilipomaliza kupiga kelele daktari alikuwa ameshafika. Alimwangalia Kulwa mkono, akauangalia mkono wa nesi wenye alama za kucha zangu.

"Mama, tushukuru Mungu," akasema. "Kosa halijatokea."

"Limetokea tangu siku ya kwanza," nikamjibu. "Leo ndiyo limefika kwenye mshipa."

"Basi kama una malalamiko, lete kwa maandishi." Alisema kama mtu anayefunga mlango taratibu. Aliona khanga iliyochakaa na ndala za matairi, akafanya hesabu zake.

"Nipatie karatasi," nikasema.

Doto alidungwa siku ile na nesi yuleyule. Aliomba dakika moja, akanawa, akarudi. Akapata mshipa mara moja. Doto hakulia, alikuwa anamtazama Kulwa kwa ushindi. Nesi akachukua biskuti mbili kutoka kwenye kopo, akampa kila mmoja yake, hakunitazama.

Nyumbani nilipomweleza Masunga alisema jambo ambalo lilinitia hofu kuliko sindano yenyewe. "Mama Kulwa, wale ndio wenye dawa. Bado Doto ana sindano mbele yake. Ukiwaandikia, wakasema dawa imekwisha, utafanya nini? Utaila hiyo barua?"

Dawa ilikuwa kweli inakwisha mara nyingine. Nilishawaona watu wamerudishwa. Ningeandika, halafu Doto arudishwe, uvimbe urudi, ningemwambia nini? Niliiweka karatasi kwenye kabati chini ya kanzu ya Masunga. Nikasema nitaandika Doto akimaliza. Sauti nyingine ikaniambia kwamba nikisubiri, watoto wangapi watakaa kwenye kiti kile wakiitwa Shingo.

Mama mkwe alikuwa anasikiliza kupitia ukuta, kama kawaida yake. Akaingia.

"Walitaka kumpa Kulwa dawa ya mwenzie kwa sababu ya wembe wangu?"

"Si wembe, mama. Ni kwa sababu hawakuuliza jina."

"Basi waandikie. Waandikie na kwamba mimi ndiye niliyemnyoa, na nitamnyoa tena." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe, unaingia shimoni ardhi ikiwa imepasuka juu ya kichwa chako, unaogopa karatasi?"

Masunga akatazama kofia yake. Baadaye akaniletea kalamu. Aliketi karibu nami jua linatua, akanitaka nimsomee nilichoandika kwa sauti, na nilipofika pakali mno alisema, "Hapo punguza," nami nikapunguza mahali pamoja, si pote.

Nilikwenda nayo safari iliyofuata. Sikumpa mtu anipelekee. Niliipeleka mezani kwa karani, nikasimama mpaka akaigonga muhuri na nakala yangu pia. Kisha nikaenda kukaa benchini. Mlango ukafunguliwa, nesi akatokea. Akatutazama. Akatazama kadi mkononi kwa muda mrefu.

"Doto Masunga," akasema.

Wakasimama wote wawili.

"Nimesema Doto," akasema tena, na nadhani midomo yake ilitaka kucheka. "Doto afungue mdomo nimwone."

Dawa haikuisha. Doto alimaliza sindano zake wakati watu wanavuna dengu, na mvua zilizofuata nywele zikarudi, laini kuliko za kwanza. Bibi akaweka wembe. Bado tunakwenda kuangaliwa, na kila tunapokwenda usingizi unanipaa. Anatafuna kwa upande wa kushoto, na michembe anaiiba kama zamani.

Kwako mama: mnyweshe maji. Beba ndoo yako. Mkubali anayetaka kukusaidia hata kama mligombana. Cheka benchini, hakuna anayekukataza. Na ukiona jambo limekaa vibaya, sema. Ukiambiwa uandike, andika, au umtafute wa kukuandikia. Mimi niliandika hivi, na naiweka hapa kama ilivyo.

*

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU WATOTO KUITWA KWA UGONJWA BADALA YA MAJINA

Ndugu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa watoto pacha, Kulwa na Doto Masunga, wa Kagongwa. Doto anatibiwa kansa katika hospitali yako. Kulwa haumwi. Safari iliyopita Kulwa alikalishwa kwenye kiti cha sindano, akafungwa mpira, na sindano ya Doto ikagusa mkono wake. Sababu ni kwamba nesi aliita "Taya." Mwanangu hana jina hilo. Angeita "Doto," Kulwa asingeinuka.

Nakiri kwamba watoto hawa wanafanana, wanavaa sawa, na Kulwa amenyolewa na bibi yake ili mwenzake asiwe na upara peke yake. Bibi anasema ataendelea kumnyoa. Namuunga mkono. Hospitali ijue hivyo na ijipange.

Simlalamikii nesi peke yake. Yuko mmoja na watoto ni wengi, na mkono wake ni mzuri. Naomba aongezewe mwenzake. Nalalamikia desturi, ambayo nimeikuta na ambayo kila mkubwa anayepita pale anaisikia na kunyamaza.

Naomba kila mtoto aitwe kwa jina lake na la baba yake, na mama yake aulizwe kabla sindano haijainuliwa. Naomba pia mwanangu asinyimwe dawa kwa sababu ya barua hii. Nimeiandika mimi, si yeye.

Kila siku ya sindano nitakuja na wote wawili. Mgonjwa ni Doto. Mwenzake ni Kulwa, amefuata biskuti.

La mwisho. Kwenye benchi hilo alikaa na sisi mtoto wa kike kutoka Geita, mpaka alipofariki. Siku ambayo hakuja aliitwa mara mbili kwa jina la tumbo lake, na mimi niliyemjua sikumsahihisha mtu. Nasahihisha sasa. Aliitwa Restituta. Naomba liandikwe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Zaituni Ramadhani,
Mama wa Kulwa na wa Doto.